Sote Hatujambo, Ila

Meseji ya Elifuraha iliingia Alhamisi mchana, wakati wanawake wa ukoo wamekaa juu ya majani makavu ya migomba wakimenya ndizi za mtori, na wanaume wanahangaika na kamba za turubai kwa ajili ya maziko ya kesho yake. Simu ya baba mdogo Yoramu ililia mfukoni mwa koti. Akavaa miwani, akaisogeza simu mbali na macho, akasoma, kisha akasimama katikati ya uwanja kama mtu aliyepandwa na siafu.

"Sikilizeni," alisema. "Sikilizeni nyote. Mtoto wa marehemu amejibu."

Visu vikatulia. Tabitha, binti pekee wa marehemu mzee Sifael, alikuwa anatoka mferejini na ndoo ya maji. Akaitua chini polepole.

Baba mdogo Yoramu alikuwa mzee wa kanisa, na meseji ile aliisoma kwa sauti anayosomea matangazo ya Jumapili: "'Amina baba mdogo. Nimefurahi sana kusikia hivyo. Sisi huku ni baridi tu lakini wageni wana nguvu. Keshokutwa tunapanda kileleni. Tutaonana Jumapili, salimieni wote.'"

Alipomaliza, akavua miwani akawatazama watu mmoja mmoja.

"Amefurahi?" aliuliza shangazi Eliona, kisu bado mkononi.

"Imeandikwa hapa."

"Umemwambia baba yake amekufa, naye amefurahi?"

"Dada, soma mwenyewe. Miwani hii hapa."

"Labda hewa ya huko juu imempanda kichwani," alisema mama mmoja jirani. "Wanasema inamfanya mtu aropoke."

"Aropoke, lakini akumbuke kwamba atashuka Jumapili? Baada ya maziko?" Shangazi Eliona alilitupa ganda la ndizi kwa nguvu. "Hela za wazungu ndizo zimempanda kichwani. Kaka yangu alimlea huyu mtoto mgongoni."

Ndani, kwenye godoro la wafiwa, mama yao, mama Ruth, alikuwa amesikia kila neno. Hakulia. Aligeukia ukutani tu, akajifunika khanga mpaka kichwani, na mgongo wake ule uliojikunja ndio uliomwasha Tabitha moto. Mpaka dakika ile alikuwa akimtetea kaka yake kimoyomoyo. Sasa meseji ile ilimrudia neno kwa neno. Tutaonana Jumapili. Salimieni wote. Kama mtu anayejibu mwaliko wa kipaimara!

Na uchungu wake ulikuwa na kitu kingine ndani yake. Alfajiri ya Jumanne, baba alipokata roho, Tabitha ndiye aliyekuwa wa kwanza kushika simu. Elifuraha alikuwa ameshapanda mlima tangu jana yake, akiongoza kundi la wageni kwa njia ya hapo hapo Machame, njia inayoanzia juu ya vihamba, mashamba yao wenyewe ya ukoo. Tabitha alimpigia, akaambiwa hapatikani. Basi akaandika: "Kaka, baba amefariki. Shuka." Kabla hajabonyeza, baba mdogo Yoramu alichungulia begani kwake, akaichukua simu mkononi mwake na kuyafuta maneno yale moja baada ya jingine.

"Hivi ndivyo mlivyofundishwa chuoni?" alimwambia. "Msiba wa mtu mzima unautangaza kama unaagiza chumvi dukani? Huna salamu, huna pole, 'shuka'. Mtoto akianguka kwenye majabali huko kwa mshtuko? Mambo haya yana wenyewe. Nitaandika mimi."

Akaandika yeye, kwa simu yake, kwa muda mrefu, akifuta na kurudia, midomo ikitembea. Alipomaliza aliwaonyesha watu: imetumwa.

Tabitha alisema kwa sauti ndogo, maana sauti yake ilikuwa ndogo siku zote, kwamba wapige pia ofisi ya kampuni inayompandisha Elifuraha, waongozaji wa mlimani hubeba redio, watamfikia hata pasipo na mtandao. Baba mdogo akamtazama. "Ukoo huu hautangazi msiba kwa redio ya watalii," alisema, na ikawa imekwisha. Alhamisi, jibu lilipoingia, haja ya kupiga ofisi ikafa yenyewe. Wapige wamwambie nini? Ameshajua, na amefurahi.

Ijumaa walimzika mzee Sifael kihambani, pembeni ya kahawa zake, mvua nyepesi ikiwanyeshea. Mchungaji alipowaita watoto watupe udongo, Tabitha alitangulia peke yake. Shangazi Eliona alimnong'oneza, "Tupa na wa kaka yako, mwanangu, isibaki pengo."

"Aje atupe mwenyewe," alisema Tabitha, na kwa mara ya kwanza siku hiyo watu waliisikia sauti yake.

*

Jumapili jioni Elifuraha alishuka njia ya migombani akipiga mluzi. Walimsikia kabla hawajamwona. Alikuwa na begi kubwa mgongoni, uso umeungua kwa jua la theluji, midomo imepasuka. Alipoona turubai na mabenchi, akasimama akicheka.

"Jamani! Hii harusi ya nani ambayo sikualikwa?"

Tabitha alikuwa anaosha masufuria. Alinyanyuka na beseni lote la maji machafu akammwagia kifuani.

"Ya baba!" alisema. "Harusi ya baba, kaka. Umefurahi?"

Elifuraha alibaki amesimama, punje za wali zikimtiririka kwenye koti. Akamtazama dada yake, akawatazama watu waliokuwa wakitoka ndani mmoja mmoja bila kumpa mkono, kisha macho yake yakafika kwenye kahawa, kwenye tuta jipya la udongo lenye mashada yaliyoanza kunyauka. Begi lilimtoka mgongoni. Alipiga hatua kuelekea kule, na baba mdogo Yoramu akamkinga njia.

"Usisogee hapo."

"Baba mdogo. Baba mdogo, ni nani yule?"

"Unaniuliza mimi? Nilikuandikia, ukanijibu umefurahi. Ukoo mzima umesikia."

"Nilijibu salamu."

"Salamu!" Baba mdogo aliwageukia watu. "Mnamsikia? Baba yake amekufa, yeye amejibu salamu."

"Sikujua. Haki ya Mungu sikujua."

"Hukujua, lakini ulijibu." Mzee alimnyooshea kidole. "Sasa sikia. Kesho wakubwa wa ukoo wanakaa hapa. Utakuja na isale mkononi, utapiga magoti mbele yao, na utaomba radhi kwa kumkataa baba yako akiwa maiti. Wakikupokea, utatupa udongo wako. Wasipokupokea, kaburi hili na kihamba hiki usivijue tena, wala sisi hatukujui."

Isale ni jani tu, linamea kwenye kila ua wa mlimani, lakini Mchagga halibebi kwa mchezo. Anayekuja nalo ameshakiri kosa kabla hajafungua mdomo, na kosa likishabebwa na isale linabaki kuwa lake, hata akisamehewa.

Elifuraha hakubisha zaidi. Alikwenda nyuma ya banda la ng'ombe akakaa kwenye gogo, nguo zikiwa zimelowa, akalia kama wanaume wanavyolia wanapodhani hakuna anayewaona, kwa kukohoa kohoa.

Tabitha alimfuata huko. Hakwenda kumbembeleza. Alikwenda na hasira zake zote, alitaka ashike simu ya kaka yake mwenyewe, amsomee meseji ile usoni, neno kwa neno, amwone atakavyotafuta pa kuficha sura.

"Lete simu."

Elifuraha akampa bila kuuliza. Kilikuwa kitochi, simu ya zamani ya vitufe. Simu yake nzuri huiacha Moshi mjini kila akipanda, kwa sababu baridi ya kule inamaliza chaji kabla ya jua kuzama. Tabitha alifungua meseji, akaikuta ya baba mdogo, akaanza kuisoma kwa sauti ya kukomoa:

"'Bwana Yesu asifiwe, mwanangu Elifuraha. Natumaini u mzima pamoja na wageni unaowapandisha mlimani. Mungu awatangulie. Sisi huku nyumbani sote hatujambo,'"

Akabonyeza kushuka chini. Hakukuwa na kitu. Akabonyeza tena. Kitochi kikalia tiki, kikamrudisha juu.

"Iko wapi nyingine?" aliuliza.

"Nyingine ipi?"

"Meseji nyingine, kaka. Iliyofuata."

"Ni hiyo tu. Niliisikia ikiingia Jumanne tukiwa tunakatiza mgongo wa mlima, mtandao ukapotea hapo hapo, nikaisoma tulipofika kambini. Nikafurahi baba mdogo kanikumbuka, si kawaida yake. Nikajibu." Akafuta kamasi kwa mkono. "Nilisema Amina. Nilikosea wapi, Tabitha? Niambie nijue."

Tabitha alikuwa akiitazama alama ya mkato iliyokaa mwisho wa sentensi. Hatujambo, mkato. Nani anamaliza salamu kwa mkato?

Ajabu ni kwamba hakuna mtu katika ukoo ule aliyepaswa kuliona jambo hili mapema kuliko yeye. Alisomea mawasiliano ya simu mpaka akapata stashahada, na sasa alikuwa akikaa kwenye kaunta ya kampuni ya simu mjini, akitokea chumba chake cha kupanga Rau, kusikiliza watu wakigomba siku nzima: nilituma, haikufika, mmeila wapi? Amewaeleza mpaka ulimi ukaota sugu. Meseji haiendi kwa mwenzako moja kwa moja. Inatoka kwenye simu yako mpaka kwenye mnara ulio karibu nawe, mnara unaisukuma hadi kituo cha meseji cha kampuni, na kituo kikishaipokea, hapo ndipo simu yako inapokuandikia "imetumwa". Unairudisha mfukoni ukidhani yamekwisha, kumbe mzigo umefika stoo tu. Kituo sasa kinaanza kumtafuta mwenye namba: yuko chini ya mnara gani? Akipatikana, mnara wa huko unamfikishia. Asipopatikana, kituo kinaushika mzigo wake, kinajaribu tena baadaye, na tena baadaye zaidi, mpaka muda uliowekwa unakwisha. Ukikwisha, meseji inafutwa, na simu yako wewe uliyetuma inaendelea kusema imetumwa, kwa sababu haikukudanganya. Ilitumwa.

Na meseji ndefu haisafiri nzima. Inakatwa vipande, kila kipande kinakwenda kivyake na alama yake, hiki cha kwanza, hiki cha pili, viunganishwe na simu ya huko viendako. Simu za sasa nyingi hungoja vipande vyote. Vitochi vingine vya zamani havingoji. Vinakuonyesha kile kilichofika.

"Baada ya hapo simu ulikuwa unaiwasha?" aliuliza Tabitha.

"Niiwashe ya nini, na chaji yenyewe ilikuwa ya kubana? Niliwasha Alhamisi penye lile jabali wanaposhika mtandao. Nikatuma lile jibu, nikaona imekwenda, nikazima."

Aliwasha, akatuma, akazima. Na kituo huko kiliko, kikiwa na kipande cha pili mkononi, kilikuwa kikigonga mlango saa ambazo mwenye nyumba kajifungia, na mwenye nyumba alipofungua kidogo, kituo kilikuwa kimepumzika kikisubiri zamu yake ya kujaribu tena. Kisha muda ukaisha.

"Kaka," alisema Tabitha. "Hapa mbele kuna neno. Baba mdogo alituonyesha simu yake Jumanne, nililiona kwa macho yangu. Neno lenyewe ni ila."

"Ila nini?"

"Ila. Sisi huku sote hatujambo, ila."

Elifuraha alimwangalia, na taratibu uso wake ukabadilika. Hakuhitaji kuelezwa. Ni nani kati yetu asiyeijua ila ile? Mtu kavunjika mguu, ukimuuliza hali anasema sijambo, ila mguu. Nyumba imeungua, barua inaanza hatujambo. Kwanza unamwambia mwenzako uzima, hata kama haupo, ndipo unamletea msiba mlangoni taratibu, kwa mkono wa ila. Tumelelewa hivyo. Baba mdogo Yoramu alifanya alivyolelewa, akajaza heshima kipande cha kwanza chote mpaka ukingoni, na kifo cha kaka yake hakikupata nafasi.

"Kwa hiyo niliandikiwa hamjambo," alisema Elifuraha. "Nami nikasema nimefurahi."

Tabitha alisimama. Hasira ilikuwa bado ipo, nzima, haijapungua hata punje, ila ilikuwa imegeuka upande kama fahali kamba ikikatika.

"Kesho utawaonyesha hii."

"Nitapeleka isale, Tabitha."

"Nini?"

"Nitapeleka isale yaishe. Sina nguvu za kubishana na wazee. Nataka kutupa udongo tu."

"Utaomba radhi kwa kosa lipi?"

"Lolote wanalotaka wao."

"Hulipeleki!" Ng'ombe aliruka bandani kwa ile sauti. "Hulipeleki, umenisikia? Ukipiga magoti kesho, mpaka unakufa utakuwa yule aliyefurahi baba yake alipokufa. Watoto wako wataambiwa. Ukoo huu hausahau, wewe unaujua."

Elifuraha alianza kufungua kamba za viatu. Alikuwa ameshachoka zaidi ya hasira.

*

Asubuhi wakubwa wa ukoo walikaa kwenye mabenchi, mzee Anaeli katikati, ambaye kwa umri alikuwa amewapita wote na masikio yake yalikuwa yamebaki nusu. Mama Ruth aliletewa kiti. Na Elifuraha akaja, jani la isale mikononi, kichwa chini. Alikuwa amelikata mwenyewe uani.

Tabitha aliliona jani lile, akasogea mbele ya wanawake. Katika maisha yake yote hakuwahi kusema neno kwenye kikao cha wazee. Hata darasani chuoni, akijua jibu, alikuwa akiliandika pembeni mwa daftari ili lisimsumbue. Baba mdogo Yoramu alikuwa ameshaanza: "Bwana Yesu asifiwe. Wazee wangu, kama mnavyojua, mtoto huyu..."

"Shikamooni," alisema Tabitha.

Vichwa viligeuka.

"Marahaba," alisema mzee Anaeli. "Nani huyo? Pandisha sauti."

"Ni Tabitha, babu. Naomba kaka asipige magoti."

"Binti, subiri," alisema baba mdogo. "Wanawake watapewa nafasi."

"Baba mdogo, soma meseji yako. Ile uliyomtumia kaka."

"Watu wameshaiona."

"Isome tena. Kwa sauti."

Baba mdogo aliwatazama wazee kana kwamba anaomba wamwondolee nzi. Lakini mzee Anaeli alitikisa mkono, soma, na akasoma. Alisoma vizuri. Salamu, matumaini, Mungu awatangulie, sote hatujambo, "ila kwa masikitiko makubwa nakutaarifu kuwa baba yako mzee Sifael ametutoka leo alfajiri. Maziko Ijumaa saa nane. Jitahidi ushuke upesi." Wanawake waliguna kwa uchungu.

"Na sasa soma hii." Tabitha alimkabidhi kitochi.

Baba mdogo Yoramu akasoma. Alipofika hatujambo, kidole kikabonyeza chini. Kikabonyeza tena. Akakivuta kitochi karibu, akakipeleka mbali.

"Endelea," alisema mzee Anaeli.

"Imeishia hapo."

"Imeishiaje hapo?"

"Ameifuta," alisema baba mdogo. "Hii imefutwa nusu."

"Meseji haifutwi nusu," alisema Tabitha. "Ulimwandikia ndefu, ikakatwa vipande viwili. Kimoja kilimfikia kaka. Cha pili kilikaa kituoni kikimsubiri, mpaka muda wake ukaisha kikafutwa. Yeye aliandikiwa kwamba huku sote hatujambo. Ndicho alichofurahia."

"Lakini hapa imeandikwa imetumwa! Njoo uone. Imetumwa!"

"Imetumwa ni kwamba imetoka kwako. Haisemi imefika kwake."

Minong'ono ilizunguka mabenchi. Mzee Anaeli akaelezewa sikioni na jirani yake, tena kwa Kichagga ili aelewe vizuri, na akakaa muda akitikisa kichwa.

"Na hiyo ila," alisema hatimaye. "Iko wapi sasa?"

"Haipo popote, babu."

Hapo shangazi Eliona akaangua kilio, "Mwanangu, mwanangu, nasi tulikutukana." Na mzee mwingine, mwenye moyo wa kutaka mambo yaishe ili watu wakale, akasema kwa furaha, "Basi jamani, tatizo ni mtandao! Hakuna mwenye kosa. Shetani aliingia kwenye mtandao."

"Ni mtandao," alidakia baba mdogo Yoramu haraka. "Hizi kampuni zinakula hela zetu bure. Ni mtandao tu, ndugu zangu. Yaishe."

"Mtandao tu," wakasema watu. "Hawa wa simu, siku hizi!" Na nyuso zililegea, mtu mmoja hata akacheka, na Tabitha aliona jambo lile likimponyoka mikononi, kubwa namna ile, likitiwa kwenye shimo moja na bando lililokwisha mapema.

"Hapana," alisema.

Hawakumsikia. Akapiga kelele, kelele halisi, za kuitia mtu ng'ambo ya korongo: "Hapana! Mtandao haukumkataza mtu kupiga ofisi yao. Mtandao haukunipokonya simu. Niliandika maneno manne, baba mdogo. Kaka, baba amefariki. Shuka. Yangefika yote kwa mara moja, Jumanne hiyo hiyo, na kaka angetembea hata kwa magoti akafika. Ukayafuta kwa kidole chako kwa sababu hayana salamu. Nikakuomba tupige ofisi, ukasema redio ya watalii. Na alipojibu amefurahi, kati yetu sote hapa, hakuna hata mmoja aliyesimama akauliza, Elifuraha huyu tunayemjua, aliyemuogesha baba mwaka jana alipovunjika nyonga, anaweza kweli kuandika hivi? Hatukuuliza. Mimi pia sikuuliza, nami hii ndiyo kazi inayonilisha. Tulipata mtu wa kumkasirikia tukaridhika. Msiutwishe mtandao kosa hili. Mtandao ulifanya kazi yake tu."

Hakuna aliyemkemea. Mama Ruth, ambaye tangu msiba uanze hakuwa amesema neno mbele ya watu, alimnyooshea mwanawe mkono.

"Nipe hilo jani," alisema. Elifuraha akampa. Mama akalilaza mapajani pake, akalifunika kwa kiganja.

Mzee Anaeli akaguna. "Isale hii hatuipokei. Haina kosa la kubeba." Akamgeukia baba mdogo. "Yoramu. Una neno?"

Baba mdogo alisimama. "Nilitaka kaka yangu atangazwe kwa heshima," alisema, na sauti ile ya matangazo ilivunjika katikati. Tabitha aliona vifungo vya koti lake vimepishana, kimoja kimebaki juu bila tundu, kama watu wanavyofunga wakiwa hawana mtu wa kuwatazama. Huruma ikamchoma, na hasira zikazidi, kwa sababu huruma hiyo hakuiita na hakuitaka, si leo.

Elifuraha hakungoja wazee wafunge kikao. Alikuwa ameshaingia kwenye kahawa. Mama Ruth akamfuata, na ukoo wote ukajikokota nyuma yao. Mvua na jua vilikuwa vimeufanya udongo wa kaburi ugande juu kama ukoko. Aliuparura kwa kucha, haukutoka. Tabitha akaliona jembe lililoegemezwa mgombani, akalichukua, akapiga pembeni mwa tuta, akapiga tena, kwa nguvu kuliko ilivyohitajika, mpaka udongo mweusi, mbichi, ukafunguka.

Nyuma yao baba mdogo Yoramu alivua kofia. Akakohoa. "Bwana Yesu asifiwe," alianza. "Ndugu zangu, kwa niaba ya ukoo, na kabla kijana wetu hajatupa udongo, ningependa kwanza kabisa..."

"Baba mdogo," alisema Tabitha bila kugeuka. "Nyamaza."

Jembe lilikuwa bado mkononi mwake. Mzee akanyamaza. Elifuraha akainama, akachota udongo kwa viganja vyote viwili, na safari hii hakuna aliyemtangulia kwa neno.